Nyumba za Muda: Safari ya Kwenda kwa Wabenet, Juu ya Mlima Elgon

Jumatatu: Mbale hadi Kapchorwa

Teksi za Kapchorwa haziondoki Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa saa, huondoka zikijaa. Anayetaka kufika mapema huwahi kiti alfajiri na kungoja. Mwezi wa nane huku ni mvua, na abiria wote walikuwa na gambuti mfukoni au miguuni. Tulipoiacha Sironko, barabara ikaanza kuukwea mlima, na upande wa kushoto tambarare inayoelekea Karamoja ikafunguka mpaka macho yachoke. Ndani ya gari mazungumzo yalikuwa ya udongo. Mama mmoja alikuwa na ndugu zake Bulambuli, ambako mwishoni mwa Novemba 2024 mteremko uliporomoka na kufukia nyumba za watu. Tangu hapo, alisema, mvua ikipiga usiku hakuna anayevua nguo kulala.

Sipi tulisimama kidogo. Maporomoko yake ni matatu, na la chini huanguka karibu mita 100. Watalii hufika hapa, hupiga picha, hunywa kahawa ya arabika inayolimwa papo hapo, kisha hugeuza. Baada ya Sipi gari lilibaki na wenyeji na mimi.

Kapchorwa ni mji ambao Uganda nzima inaujua kwa mbio. Stephen Kiprotich alitoka huku kwenda kuchukua dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, nchi ikiwa imekaa miaka 40 bila dhahabu ya Olimpiki. Joshua Cheptegei naye alishinda mita 5,000 Tokyo, halafu mita 10,000 Paris mwaka 2024. Ukiendelea mbele mpaka Bukwo, unafika kwao Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Ninawapenda wanariadha hawa na huwa ninakesha kuwatazama. Lakini juu zaidi ya mji huu, kwenye mpaka wa msitu, wanaishi Wabenet, au Mosopisyek kama wanavyojiita, na habari zao hazifiki Mbale ila siku kukiwa na kufukuzwa. Mimi nimekuja kwao.

Jumanne: kupanda

Barabara ya kutoka Kapchorwa hadi Suam, mpakani mwa Kenya, ina urefu wa kilomita 73, na sasa ina lami. Dereva wa teksi alikuwa akiisifu njia nzima, na nilimwelewa. Zamani mvua ikishika, mtu wa Bukwo aliyetaka kufika Mbale alilazimika kuvuka kuingia Kenya na kuzunguka huko, ndipo arudi Uganda. Wagonjwa, wanafunzi, mahindi, vyote vilipitia nchi nyingine.

Nilishuka kwenye kituo kidogo ndani ya wilaya ya Kween. Kijiji nilichoenda sitakitaja jina, kwa sababu wenyeji wangu waliniomba hivyo, na sababu yao itaeleweka mbele. Bodaboda alinipeleka upande wa kulia, mlimani, mpaka tope lilipokataa. Kutoka hapo ni miguu.

Nilipanda nikipishana na punda. Sehemu nyingi za Uganda punda ni mnyama wa kuonwa kwa nadra, lakini hapa Sebei, eneo hili la Kapchorwa, Kween na Bukwo, yeye ndiye lori la mlima. Walikuwa wanateremka, kila mmoja na magunia mawili ya viazi ubavuni, na nyuma yao wanawake wenye fimbo ndefu. Nilimwuliza mmoja, mtu mzima wa kunizaa, anapeleka mzigo wapi.

"Mpaka lami, mwanangu. Gari la mnunuzi haliji huku."

"Na ukifika ukakuta mnunuzi ameondoka?"

"Ninalala na viazi vyangu barabarani. Kuvirudisha juu siwezi."

Kiswahili wanakijua vizuri, maana wengi wamewahi kufanya vibarua kwenye mashamba ya Trans Nzoia, upande wa Kenya, na biashara ya Suam na Kitale, mji wa huko, haijawahi kulala. Wanakitumia bila kuomba radhi, na mimi nilijisikia niko nyumbani kabla sijafika.

Mashamba yalinishangaza. Mahindi yaliisha njiani, na juu yake ikawa viazi, kabichi, vitunguu na shayiri iliyoanza kugeuka rangi. Udongo ni mweusi na laini. Ni volkano iliyozimika zamani sana iliyoacha rutuba hii, na hakuna jembe nililoliona likihangaika. Tulikuwa zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na nilikuwa nasimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi, huku watoto wa shule wakinipita mbio na madaftari ndani ya mifuko ya plastiki.

Nilifika jioni, mvua ikiwa imenitangulia. Nyumba ya wenyeji wangu ni ya miti na udongo, paa la nyasi, moto katikati. Ndama wawili walilala upande mmoja, sisi upande wa pili. Nilipewa maziwa ya mtindi kutoka kwenye kibuyu, posho (ugali), na viazi vya kuchoma kwenye majivu. Baridi ya usiku ule sitajaribu kuieleza. Mama mwenye nyumba aliamka mara nyingi kuchochea moto, na kila akiamka alinigusa miguu kuona kama imepata joto.

Jumatano: kijijini

Asubuhi ndipo nilipoona. Kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, hakuna tofali. Hakuna msingi wa mawe, hakuna saruji, hakuna hata ukuta mmoja unaosema mtu ana nia ya kubaki. Nilidhani ni umaskini. Baadaye, tukiwa shambani tunachimba viazi, mwenyeji wangu akanisahihisha kwa upole. Alisema viazi vimempa fedha, na mabati angeweza kununua. "Lakini sisi tumeambiwa tuko hapa kwa muda, dada. Mtu wa muda hajengi."

Neno hilo nililisikia kila nyumba. Shule ni ya muda. Kanisa ni la muda. Njia ya maji ni ya muda: mpira mweusi kutoka kwenye chemchemi, ulioshikiliwa kwa vipande vya mti. Kliniki haipo, hata ya muda.

Kazi ya viazi inaanza kabla ya jua. Wanaume hugeuza udongo, wanawake na watoto huokota na kuchagua: vikubwa vya kuuza, vya kati vya mbegu, vidogo na vilivyokatwa na jembe vya kula. Mbegu ndiyo shida yao kubwa ya kilimo. Wanapanda zile zile mwaka baada ya mwaka, na ugonjwa wa ukungu ukiingia wakati wa mvua nyingi shamba linaweza kuungua kwa juma moja. Wenye uwezo wananunua dawa ya kupulizia, wasio na uwezo wanavuna mapema na kupata vidogo. Mnunuzi naye anataka gunia lijazwe mpaka lipite mdomo, na juu yake lishonewe kofia ya nyasi na kamba, na bei ni ile ile ya gunia. Mkulima anajua anaibiwa. Lakini amekwisha kushusha mzigo mpaka lami na punda wake wamechoka.

Nilipowauliza kwa nini wasiungane, wakauze pamoja na kupima kwa mizani, walisema wamejaribu kufungua ushirika. Walitakiwa kuonyesha ofisi yenye anwani. Ofisi gani, kwenye ardhi ya muda?

Alhamisi: shule, mstari, na karatasi ya mzee

Mwalimu wa kijiji ni kijana aliyemaliza sekondari na akarudi kwao kufundisha. Wazazi humlipa kwa kuchanga, na wasio na fedha humpa viazi au maziwa. Madarasa ni ya mabanzi ya mbao na udongo, na mvua ilipoanza saa nne, sauti yake ilipotea kabisa, akawa anaandika tu ubaoni na watoto wananakili. Watoto wadogo wote husoma hapa. Wakikua, wale wanaotaka kufanya mtihani wa darasa la saba huteremka kwenda shule zinazotambuliwa, na mteremko wa asubuhi ndio mpando wa jioni. Wasichana wengi, mwalimu aliniambia, huishia hapo. Hakusema zaidi, wala sikumsukuma.

Mchana nilipelekwa kwa mzee mmoja ambaye kila mtu alisema ndiye anayeijua habari yote. Nilimkuta amejifunga blanketi, anapunga moshi. Aliniuliza kwanza natoka ukoo gani na wazazi wangu wako hai, kisha akaanza, na alianzia mbali.

Baba zake waliishi juu ya msitu, kwenye nyanda za nyasi karibu na kilele, na ng'ombe wao. Walijenga vibanda, walitumia mapango wakati wa mvua na baridi, na walishuka kwa watu wa chini kubadilisha maziwa, asali na vikapu vya mianzi kwa nafaka. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliutangaza mlima kuwa msitu wa hifadhi, lakini watu waliendelea kuishi juu. Mwaka 1983 serikali iliamua kuwahamishia chini, ikatenga hekta 6,000 pembeni ya msitu wapewe. Ugawaji haukwenda sawa. Watu wa chini waliokuwa wakikimbia uvamizi wa wezi wa mifugo kutoka tambarare walipata, wenye vyeo walipata, na baadhi ya Wabenet wenyewe wakakosa. Upimaji wa baadaye ukaonyesha kwamba ardhi iliyogawiwa ilifika hekta 7,500, yaani 1,500 zaidi. Mwaka 1993 hifadhi ya taifa ikatangazwa. Mstari ukachorwa upya, na watu waliolala wakiwa wenye mashamba wakaamka wakiwa wavamizi.

"Mstari haukusogea kwa mguu wangu," mzee alisema. "Mimi nilikaa nilipowekwa."

Wakaenda mahakamani. Hapa alimwita mjukuu, na mjukuu akatoa mfuko wa plastiki kutoka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na nakala ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya Mbale wa tarehe 27 Oktoba 2005. Mikunjo yake ilikuwa imetoboka, na maneno yaliyokuwa kwenye mikunjo hayasomeki tena. Unasema kwamba Wabenet ni wakazi wa kihistoria na wa asili wa maeneo haya, kwamba wana haki ya kukaa, kulima na kuyaendeleza bila kusumbuliwa, na kwamba eneo hilo liondolewe kwenye hifadhi. Mzee hasomi Kiingereza, lakini alijua kila aya iko wapi na alinionyesha kwa kidole.

Februari 2008, chini ya miaka mitatu baada ya karatasi hiyo, wengi waliondolewa kwa nguvu. Nyumba ziliteketea, mazao yakaharibiwa, watu wakalala mapangoni na chini ya miti. Kisha ikatolewa ruhusa ya kukaa kwa muda mpaka wapatiwe ardhi. Ruhusa hiyo ndiyo wanayoishi nayo hadi leo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kuupita umri wa shule ya msingi, na kama hakuteremka kwenda shule za chini, hajawahi kukalia dawati kwenye chumba chenye sakafu.

Nilimwuliza mzee habari ya miti, kwa sababu sitaki kuficha nilichokiona: njiani nimeona visiki vingi, na mashamba yaliyosogea mpaka ukingoni mwa msitu. Sikutegemea alichonijibu. Alisema miti imepungua, ndiyo, na kwamba yeye mwenyewe ameacha kupanda. Mti wa mtarakwa unahitaji maisha ya mtu mzima kukua. Apande nini, kwenye shamba ambalo anaweza kuambiwa aliache kesho?

Nimelifikiria jibu hilo usiku kucha. Mlima huu ndio unaonywesha Sebei, Bugisu upande wa Mbale, na sehemu kubwa ya tambarare, na mimi ni mmoja wa wanaokunywa. Nataka msitu usimame. Lakini ninaamini kwamba unayemwita mgeni kwenye shamba lake atalilima kama mgeni: atavuna haraka, hatapanda mti, hatapiga matuta ya kuzuia udongo. Anayepewa hati ya shamba hilo hilo atakuwa na sababu ya kufikiria mvua ya miaka ishirini ijayo. Wanaotetea msitu na wanaotetea watu wa mlima wanapaswa kukaa benchi moja kuhusu hili, na inaniuma kwamba hawakai.

Ijumaa: machela

Mama mwenye nyumba alinisimulia habari hii tukimenya viazi, na aliniruhusu niiandike bila jina. Binti yake alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Mkunga wa jadi alikuja, akaona mtoto amelala vibaya, akasema hili haliwezi yeye. Wanaume wakakata miti miwili, wakafunga blanketi na kamba za magunia, wakambeba. Wabebaji walikuwa wanane, wanne wakibeba na wanne wakipumzika, wakipokezana njia yote kwenye utelezi, na mmoja mbele na tochi. Kulipokucha walifika barabarani wakapata gari. Binti alipona. Mtoto hakupona.

Hakulia aliponisimulia. Aliniambia tu kwamba wanane wale aliwapikia, na kwamba mpaka leo akikutana na mmoja wao njiani anamshika mkono.

Kila nyumba niliyoingia juma hili ina habari ya machela. Vijana wana zamu isiyoandikwa popote: mtu akipiga kelele usiku kutoka upande fulani wa bonde, wanaojua ni zamu yao huamka. Ni mpango mzuri, na umeokoa watu. Lakini ningependa kumwona mhudumu mmoja wa afya mwenye chumba, kitanda na dawa za kuanzia, hapa hapa juu. Jibu ambalo mwenyekiti wa kijiji amelipata kila alipoomba ni kwamba kituo cha afya ni jengo la kudumu.

Jumamosi: ukingoni mwa msitu

Mvua iliacha kidogo, nikapanda na vijana wawili wachungaji mpaka msitu unapoanza. Tuliona mbega wakiruka na mikia yao meupe. Juu zaidi kulikuwa na ukanda wa mianzi, na nyuma ya mianzi ukungu, na huko ndiko babu zao walikochunga. Vijana hawa hawajawahi kufika. Wanajua majina ya mito, mapango na malisho ya juu kwa kusimuliwa tu, na waliyataja kwa mpangilio, mmoja akimkumbusha mwenzake.

Ng'ombe wakipita mpaka hukamatwa, na kumkomboa ng'ombe ni faini. Kwa hiyo hawaketi, hawalali, macho yako kwa ng'ombe anayeongoza. Tulirudi mapema.

Jumapili: Bukwo na Suam

Niliaga alfajiri. Mzee alikuja mwenyewe mpaka uani, na mfuko wa plastiki mkononi. Alikuwa na ombi. Karatasi yake inakufa, na kijijini hakuna umeme wala mashine ya kutoa nakala. Je, naweza kuipeleka mjini, inakiliwe, kisha irudi? Nilimwuliza kama haogopi kunipa karatasi ya pekee. Alisema mjukuu atakwenda nami, na mjukuu atarudi nayo.

Tukateremka sisi wawili nyuma ya punda wa viazi, tukapata teksi ya kwenda Bukwo. Kwenye Mto Siti, unaotoka kwenye mlima huu huu, vimejengwa vituo vidogo vya umeme wa maji. Mjukuu alisema usiku kutoka kwao taa za chini huonekana zote. Nikamwuliza kwao wanatumia nini. Mishumaa, akasema, na tochi za sola kwa wenye watoto wanaosoma.

Bukwo Jumapili watu wako kanisani, lakini duka moja la picha lilikuwa wazi. Mwenye duka, kaka mmoja mcheshi, aliposoma mistari ya kwanza alinyamaza, akaifuta meza kwa kitambaa kabla ya kuilaza karatasi. Sehemu zilizotoboka tulizijaza kwa mkono: yeye aliitafuta hukumu kwenye intaneti kwa simu yake, mimi nikaandika maneno yaliyokosekana kwa herufi za kuchapa. Tulitoa nakala za kutosha mzee na kila mwenye nyumba aliyeniambia anaitaka, na ile ya asili akaitia plastiki ya moto ili isikunjwe tena. Nilipofungua mkoba kulipa, alikataa fedha za ile ya asili, akachukua za nakala tu.

Mjukuu aliziweka ndani ya shati, akafunga sweta juu yake, akapanda bodaboda kurudi Kween kabla ya mvua ya mchana. Mimi nikaendelea mpaka Suam. Kwenye uwanja wa magari, upande wa Uganda, malori yalikuwa yanapakia viazi vya kwenda Kitale, kila gunia na kofia yake ya nyasi. Nilimwuliza mpakizi vinatoka wapi. "Juu," akasema, akaelekeza mlimani, akaendelea kupakia. Jioni simu ikaita: karatasi zimefika, mzee amezihesabu mwenyewe, na anauliza kama kuna mtu Mbale anayeweza kuifasiri hukumu yote kwa Kiswahili ili isomwe mbele ya watu kanisani. Nimesema ndiyo, nitaifasiri mimi, na nimeanza na aya inayosema wana haki ya kukaa.